Friji lilivyonifanya nimwite rafiki yangu tapeli

Najua nimeadimika humu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko wapendwa, bado nadunda. Kilichonipoteza ni kompyuta, halafu ugomvi uliozaliwa na kompyuta hiyo hiyo. Nimeona niandike yote hapa kwa sababu kuna watu kama saba walikuwepo chumbani siku ile niliyofungua domo langu, na wengi wao husoma humu. Walisikia nilichosema. Mwisho wake hawajausikia.

Tuanze na Friji. Kwa wageni: Friji ni kompyuta yangu. Jina lilitoka kwa wana wa korido yetu kwa sababu kasha lake ni kubwa, jeusi, na linavuma usiku kucha. Nililiunga kipande kwa kipande kwa hela ya kufundisha tuisheni likizo nzima, pamoja na sehemu ya bumu (mama asisome hapa). Bodi na prosesa nilipata Kariakoo, vya mtumba. Kadi ya picha, GTX 1050 Ti, niliuziwa na kaka mmoja aliyekuwa anahitimu na kurudi kwao. Prosesa yenyewe ni Core i5-2500K ya mwaka 2011. Najua, ni ya kale. Lakini ile K ya mwishoni ndiyo utamu wake, maana yake kizidisho hakikufungwa kiwandani.

Kwa wasiojua mambo haya: prosesa inafanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Bodi inatoa mapigo milioni 100 kwa sekunde, yaani megahezi 100, na prosesa inayazidisha. Hii yangu imepangiwa kuzidisha mara 33, unapata gigahezi 3.3, na kazi ikizidi inajipandisha yenyewe hadi 3.7. Ukiingia kwenye BIOS ukaandika 45, unapata 4.5. Bure kabisa! Huko ndiko kuovakloki. Unalipa kwa umeme mwingi zaidi na joto zaidi, na kwa kitu kingine ambacho hakionekani, nacho ni akiba. Kiwandani wanaacha nafasi kati ya kasi wanayokuahidi na kasi ambayo chipu itaanza kukosea hesabu. Ukiovakloki unaila ile nafasi, na hakuna anayekuonesha mpaka wake uko wapi.

Mimi niliandika 45, mashine ikawaka, nikatembea korido nzima kama nimeoa.

Sasa kuna huyu rumeti wangu, tumwite Ticha kwa sababu anasoma ualimu. Ticha ana kompyuta ndogo ya aina ile ya maofisini, anachapia watu kazi zao kwa hela kidogo, ndiyo inamweka mjini. Mwanzoni mwa muhula alikuwa na shida nyumbani, akaamua kuuza vijiti viwili vya RAM, kila kimoja gigabaiti 4. Mimi nilikuwa na viwili kama hivyo, nikanunua vyake kwa elfu arobaini na tano. Vyote vinne vimeandikwa 1600 kwenye lebo, ingawa si vya kampuni moja. Nikavipachika, nikaingia BIOS, nikawasha ile XMP ili vikimbie 1600 kama lebo inavyosema. Gigabaiti 16! Nikapiga picha nikawatumia wana.

Baada ya siku mbili mambo yakaanza.

Ya kwanza ilikuwa GTA V. Niko kwenye gari, naendesha zangu, mara gemu likapotea. Hakuna ujumbe, hakuna nini, unajikuta unatazama picha ya mdogo wako kwenye deskitopu. Nikasema labda bahati mbaya. Kesho yake skrini ya bluu. Keshokutwa nikacheza saa tatu nzima bila tatizo. Halafu ikawa inadondoka kila baada ya dakika tano, halafu siku mbili kimya. Ndugu zangu, kitu kinachoharibika kila mara ni rahisi kukitengeneza. Kinachoharibika kikijisikia, hicho ndicho kinachokuzeesha.

Nikaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza, joto. Dar mnaijua, mchana chumbani kwetu hata ukuta unatoka jasho. Nikafungua Friji, nikapuliza vumbi, nikabadilisha ile pesti iliyo kati ya prosesa na feni lake. Joto likashuka kutoka nyuzi 84 hadi 71. Nikafurahi. Jioni likadondoka likiwa na nyuzi 68.

Mchawi wa pili, umeme. Kila taa ikipepesa nilikuwa naruka. Nikaazima stabilaiza kwa jamaa wa chumba cha pili. Likadondoka. Mchawi wa tatu, draiva ya kadi ya picha. Nikaifuta, nikaweka mpya, nikaweka ya zamani. Likadondoka. Nikaingia Event Viewer, ile daftari ya matukio ya Windows, nikakuta Kernel-Power 41 imejaa. Nikadhani nimempata mwizi! Kumbe hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Ni kama kumuuliza mlinzi nani kaiba, akakujibu "kuna kitu hakipo."

Kulikuwa na dalili moja nzuri ambayo niliiona bila kuielewa. Kila skrini ya bluu ilikuja na jina lake. Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa jina lingine kabisa. Kosa la programu moja mara nyingi huja na sura ile ile. Sura zikibadilika kila siku, mara nyingi tatizo liko chini zaidi, kule ambako namba zenyewe zinatunzwa, yaani kwenye RAM.

Hapo ndipo nilipofika Ijumaa ya fainali. Mnajua ligi yetu ya PES 2021 chumbani. Fainali, chumba kimejaa, watu wako mpaka kitandani kwa Ticha. Mimi naongoza 2-1, dakika ya 83. Skrini ikawa bluu.

Kelele zilizopigwa sitaziandika. Nilisimama, nikamgeukia Ticha aliyekuwa mezani kwake anachapa kazi ya mtu, nikasema mbele ya wote: "Wewe umeniuzia mbuzi kwenye gunia. Tangu niweke RAM zako hii mashine haijawahi kupona. Ulijua mbovu, ndiyo maana ukauza. Huo ni utapeli." Neno hilo. Utapeli.

Ticha hakunijibu. Alimaliza kuchapa ukurasa aliokuwa nao, akaondoka. Asubuhi nikakuta elfu arobaini na tano juu ya meza yangu, chini ya kikombe. Nikavua vijiti vyake nikaviweka mezani kwake. Hatukusemeshana. Bumu lilikuwa halijatoka, na wiki ile nzima nilimuona anapiga pasi ndefu, anakula mara moja, saa kumi jioni. Niliona. Nikajiambia si ndiyo haki, alichukua hela yangu akairudisha.

Na sikilizeni, Friji lilipona! Siku moja, mbili, wiki. Halidondoki. Nikawaambia watu, mmeona? Nilisema mimi.

Ila kuna kitu kilikuwa kinanikera kama mwiba wa samaki kooni. Ticha alivirudisha vijiti vile kwenye kompyuta yake. Na kompyuta yake ilikuwa haina shida. Anachapa mchana, anachapa usiku, haizimi, haigandi. RAM mbovu inawezaje kuwa mbovu kwangu na nzima kwake? Nikajijibu kwamba yeye hachezi magemu. Jibu lilinitosha kwa sababu nilitaka linitoshe.

Halafu likaja la mradi. Mradi wangu wa mwisho ni wa madereva wa bodaboda, madodoso 180, nimeyajaza mwenyewe juani. Kipindi kile Friji linaumwa niliogopa likifa litaondoka na data, kwa hiyo nikalifunga folda zima kuwa zipu, nikaliweka kwenye fleshi, halafu, kwa akili zangu timamu, nikafuta la kwenye diski nipate nafasi ya gemu. Wiki tatu baadaye nafungua zipu, inaniambia CRC imekataa. Kila faili ndani ya zipu lina namba ya ukaguzi, na likifunguliwa hesabu inapigwa upya kuona kama namba zinalingana. Lile la data halikulingana. Liliharibika siku lilipofungwa, kimya kimya, bila skrini ya bluu wala nini. Msimamizi alikuwa anataka sura ya nne baada ya siku kumi na moja.

Nilikaa kitandani nikawaza nani ana nakala. Nikakumbuka. Jedwali langu la data niliwahi kumpa mtu anichapie viambatisho. Mnajua nani.

Nilimfuata mezani kwake usiku. Nikasema, "Kaka, samahani, lile faili langu la bodaboda unalo?" Akafungua folda, akalipata, akaniwekea kwenye fleshi. Kulikuwa na madodoso 140 kati ya 180. Wakati ananipa nikaropoka tena, nikasema hizi RAM ndizo zilizoniharibia zipu. Akanitazama. Akasema kwa upole kabisa: "Zako ulizipima?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimezipima. Nilitoa vijiti vyake, Friji likapona, kesi ikaisha. Ingekuwa sawa kabisa kutoa vyangu nikaacha vyake, jaribio la dakika tatu, bisibisi hata haihitajiki. Halikunijia hata kichwani. Nilimpima yule niliyekwisha mhukumu, basi.

Nikamwomba aniazime vijiti vyake usiku mmoja. Akanipa. Nikarudisha prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani ili isinichanganye, nikaweka MemTest86 kwenye fleshi. Hii ni programu inayowaka kabla ya Windows, inaandika namba kwenye kila kona ya RAM halafu inasoma tena kuona kama imerudi ile ile. Vijiti vyote vinne, XMP imewashwa, 1600: hazikupita dakika kumi, mistari myekundu. Nikasema haya, tuone. Nikatoa vyangu, nikaacha vya Ticha peke yake kwenye 1600. Kosa sifuri. Sikuamini, nikarudia. Sifuri. Nikaweka vyangu peke yake. Sifuri. Jua likachomoza, sijalala. Usiku uliofuata nikarudisha vyote vinne, lakini nikazima XMP vikakimbia 1333. Asubuhi: sifuri.

Kwa hiyo hakukuwa na kijiti kibovu. Hata kimoja! Kibovu kilikuwa mpango wangu. Kwenye prosesa hizi, kile kidhibiti kinachozungumza na RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe, na Intel kwa 2500K wanaahidi 1333, basi. Lebo ya 1600 ni ahadi ya aliyetengeneza kijiti, siyo ya prosesa. Ukiwasha XMP umeovakloki, hata kama ni kitufe kimoja na kimekaa kistaarabu kwenye menyu. Kwa vijiti viwili kidhibiti changu kilimudu. Kubeba vinne, tena vya makampuni mawili, kwa kasi ile, kikawa kinakosea mara moja moja. Na kompyuta ya Ticha? Inaviendesha kwa 1333. Ndiyo maana yeye alikuwa analala.

Kipindi chote kile watu wakiniuliza "umeovakloki nini?" nilikuwa najibu "prosesa tu, RAM sijaigusa." Nilikuwa naamini kabisa.

Na hata hiyo prosesa niliyokuwa naitambia, nikaona niipime. Kuna programu inaitwa Prime95. Kazi yake halisi ni kutafuta namba tasa kubwa sana, katika mradi ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, lakini kwa kuwa hesabu zake ni nzito na majibu yanakaguliwa, watu huitumia kutesea prosesa. Nikarudisha 4.5, nikaiwasha. Baada ya dakika arobaini kiini kimoja kikasimama na kusema jibu lake halikubaliki. Dakika arobaini! Mimi nilikuwa na ushahidi gani kwamba 4.5 ni salama? Kwamba iliwaka. Sasa niko 4.2, ilipita usiku mzima, na kwa macho sioni tofauti.

Nilipokuwa nasoma kuhusu haya nikakutana na kisa cha Raymond Chen wa Microsoft, alikiandika mwaka 2005. Walikuwa wanachunguza ripoti za programu zilizodondoka, wakakuta nyingine zimedondokea kwenye amri nyepesi kuliko zote: weka sifuri hapa. Haichukui kitu kwenye RAM, haiwezi kukosea. Kufuatilia, wakakuta mashine hizo zimeovaklokiwa, na baadhi ya wenyewe walikuwa hawajui, dukani waliuziwa hivyo hivyo. Kingine ni cha Ubelgiji, uchaguzi wa mwaka 2003 pale Schaerbeek. Mgombea mmoja alipata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Kuhesabu upya, zimezidi 4,096 kamili. Mbili kumi na mbili zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe ni 4,096, yaani biti moja tu, ya kumi na tatu, iligeuka kutoka sifuri kuwa moja. Kwenye programu hawakuona kosa. Fikiria kama wangeanza kwa kumkamata karani.

Mimi karani wangu nilimkamata siku ile ile.

Ijumaa iliyofuata nikawaita wana wote waliokuwepo kwenye fainali, nikasema kuna ligi. Walipokaa nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza, nikasema RAM za Ticha zilikuwa nzima, kosa ni langu, nilimwita tapeli na yeye ndiye aliyenirudishia mradi wangu. Ticha alikuwa anachapa. Nikampa zile elfu arobaini na tano, nikamwambia niuzie tena. Akasema, "Hapana. Zitakaa kwangu." Halafu akasema, "Lakini poa." Sijui kama ni poa kweli. Watu wakacheka kidogo, mmoja akawasha gemu kuondoa aibu.

Kwa hiyo Friji limebaki na gigabaiti 8. Linatosha.

Madodoso 40 yaliyopotea ilibidi niyaingize upya kutoka kwenye karatasi, na mwandiko wangu wa juani mnaujua. Usiku wa pili Ticha akavuta kiti, akachukua bunda, akaanza kunisomea: "Dodoso 141, umri 24, pikipiki ya mkataba, ndiyo." Mimi naandika. Hakusema lolote zaidi ya yaliyomo kwenye karatasi mpaka saa nane, tukamaliza. Sura ya nne imekabidhiwa, imebaki siku moja.

Kwa wenye mashine zinazodondoka, ushauri wangu mfupi. Kabla hujabadilisha chochote, ingia BIOS rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, na XMP ikiwemo. Ikipona, rudisha kimoja, kaa nacho siku mbili tatu, ndipo ugeukie kingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uandike. Pima RAM usiku, vyote kwa pamoja na kila jozi peke yake. Usifunge wala usihamishe faili la maana kwenye mashine unayoishuku, na usifute nakala mpaka umefungua ile mpya ukaona inafunguka. Na anza na kile unachojivunia. Mimi nilipima vumbi, umeme, draiva na rafiki yangu kabla ya kupima ile 45 niliyoiandika kwa mkono wangu.

Ligi inaanza tena Ijumaa. Nimemuuliza Ticha kama atacheza, kasema ataona.

Haya, nawaacha, nina kipindi saa mbili asubuhi. Tuko pamoja.